Gari Lisilorudi Nyuma

Kaka yangu Vuai alikuwa amenizidi urefu kwa shibiri nzima, na hilo ndilo lililonionyesha kosa langu. Nilipokaa kwenye kiti cha lile gari, miguu yangu haikufika kwenye pedeli. Nilinyoosha mguu mpaka kisigino kikatoka ndani ya kiatu, na bado haukufika.

Nayaandika haya yakiwa mazima kichwani, kabla sijaanza kuyapunguza.

Vuai alikuwa fundi wa magari pale Saateni, Unguja. Alitengeneza gari la kila aliyekuja, lakini alipenda aina moja tu: zile rodsta za zamani ambazo vijana wa Marekani walikuwa wakizichonga kutoka magari ya miaka ya thelathini. Hazina paa. Matairi ya mbele ni membamba na hayana madigadi, ya nyuma ni mapana, kwa hiyo gari limeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Injini iko wazi, inaonekana yote. Aliziona kwenye gazeti kuukuu alipokuwa kijana, na tangu hapo akawa anazichora nyuma ya risiti, kwenye maboksi ya spea, hata kwenye vumbi la kioo cha gari la mteja.

Jina langu ni Wakili, lakini kazi yangu ni biashara ya nguo. Mwaka 1997 nilimchukua twende Guangzhou, China, nikidhani atanunua spea. Siku mbili alinifuata kwenye masoko ya Zhanxi na Shisanhang akipiga miayo kati ya marobota ya mashati. Siku ya tatu alipotea, akarudi hotelini kwetu, mtaa wa Xiaobei, jioni, mikono imejaa grisi hadi viwiko, anacheka peke yake. Alikuwa amevuka mto hadi Fangcun, kwenye mashamba ya maua, akamkuta mzee mmoja anagonga bodi za magari ya kizamani kwa ajili ya watu wa filamu. Mzee huyo aliitwa Leung. Vijana wake walimwita sifu, ndivyo wanavyomwita fundi aliyewafundisha mafundi wengine. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walichorana kwa chaki sakafuni mchana kutwa, na kufika jioni walikuwa wamekubaliana gari zima.

Gari lilikuwa la Lulu, mwanawe wa pekee. Lulu alikuwa na miaka kumi na tisa na alijifunza ufundi akiwa amelala chali pembeni mwa baba yake tangu yuko kidato cha pili. "Mimi nimezeekea chini ya magari ya watu," Vuai aliniambia. "Huyu atakaa juu ya lake."

Gari la namna hiyo ni jembamba, na kiti chake hakisogei. Kiti, pedeli na usukani hufungwa kwa kipimo cha dereva mmoja, kama koti kwa fundi cherehani. Sifu Leung alisema angengojea kipimo cha huyo binti ndipo amalizie. Kabla hakijapelekwa, Vuai akaanza kuumwa tumbo. Juni ya mwaka 1998, asubuhi ya Jumatano, alifariki. Siku mbili kabla alinishika mkono akasema, "Gari la mtoto, Wakili. Limalize. Asikose vyote viwili."

Baada ya hitma Lulu alifunga gereji kwa kufuli na akanyamaza. Ukimsalimia anaitika, ukimpa chakula anakula. Jambo moja tu ndilo aliloniuliza kwa hiari yake katika miezi yote ile: lini nitakwenda kuliona gari.

Sasa kosa langu.

Mimi ndiye niliyempima kaka yangu. Kwetu, kabla ya kuchimba mwanandani wa kaburi, maiti hupimwa kwa ufito au kwa kamba, wachimbaji wajue urefu. Nilikata kamba nyeupe ya pamba kutoka kwenye bunda la gereji yake, nikapima kutoka utosini hadi unyayoni, nikafunga fundo. Nikapima mabega, nikafunga fundo la pili. Wazee husema kamba hiyo iachwe kaburini, maana kipimo cha maiti hakipimi kitu kingine. Nilijua. Lakini mchimbaji alinirudishia mkononi baada ya dua, na siku ile nilikuwa nikipokea chochote ninachopewa. Niliitia mfuko wa ndani wa koti.

Agosti nilisafiri. Msafiri wa kwetu hubeba kamba za watu: mguu wa mtoto wa jirani, kiuno cha shemeji, urefu wa kanzu ya imamu, kila moja ina kikaratasi cha jina. Lulu alikata ya kwake kutoka bunda lile lile, akafunga mafundo manne: nyonga, goti, kisigino, na urefu wa mkono. Niliitenga na zile za viatu ili zisichanganyike. Niliitia kwenye koti, mfuko wa nje. Nilipofika Fangcun, joto limenizidi, koti limekunjwa mkononi, niliingiza vidole mfukoni na kumkabidhi Sifu Leung kamba nyeupe. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia, kwa ishara na kwa tafsiri mbovu ya dereva wa teksi, kwamba Vuai amekufa. Alinishika bega, akaipokea kamba kwa mikono miwili.

Novemba nilirudi kulichukua. Safari hii nilikwenda na Jacinta, binti wa Kikenya aliyekuja kusoma lugha akaishia kuwatafsiria wafanyabiashara. Aliniita laoban, bosi, kama Wachina wanavyotuita sisi sote wenye marobota, lakini yeye aliisema kwa kejeli.

Gari lilikuwa zuri kupita michoro. Rangi yake ilikuwa ya zambarau iliyoiva, ukilitazama upande unaona weusi, ukisogea unaona wekundu chini yake. Injini ya silinda nane ilitolewa kwenye gari bovu la Hong Kong, pamoja na usukani wa kulia kama wa kwetu. Kioo cha mbele kilikuwa kifupi, hakizidi urefu wa kiganja kilichosimamishwa. Vijana wa Sifu walisimama mstari wakingoja nikae.

Nikakaa. Miguu ikaning'inia.

"Laoban," Jacinta alisema, "unakaa kama mtoto kwa kiti cha kinyozi."

Vijana walicheka bila kuelewa. Mimi nilikuwa nimeshika pumzi kwa sababu ya harufu. Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya kafuri, ile tunayowatia maiti. Nilidhani inatoka kichwani mwangu. Sifu aliniona nikinusa, akagonga mbao ya ndani ya mlango, akasema neno.

"Ni mti wa kafuri," Jacinta akatafsiri. "Fremu yote ya ndani. Anasema aliuchagua yeye mwenyewe."

"Muulize kwa nini kiti kiko nyuma hivi."

Sifu alinyoosha kidole kwenye nguzo. Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, imenyooka, na ilikuwa na mafundo mawili.

Nilishuka kwenye gari, nikasimama karibu na ile nguzo, nikahesabu mafundo tena kana kwamba yangeongezeka.

Ikagonga saa sita mchana. Karakana za huko huzimika saa hiyo: wanakula haraka, wanatandika maboksi sakafuni, wanalala. Jacinta alikwenda kutafuta chakula. Dakika kumi baadaye vijana wote walikuwa chali, Sifu amelala kwenye kiti cha kamba, kofia usoni, na hata redio ilikuwa imezimwa. Nilibaki macho peke yangu, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikilitazama gari.

Lilishuka upande wa kulia.

Lilishuka polepole, upana wa kidole kimoja, na springi zikatoa sauti ile zinayotoa mtu mzito anapokaa. Kisha usukani ukaenda kushoto kidogo, ukaenda kulia kidogo, ukatulia. Vuai hakuwasha gari lolote maishani mwake bila kufanya hivyo. Alikuwa akisikiliza kama usukani umelegea.

Sikuogopa kama nilivyotegemea. Nilibaki pale pale. Nilisema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, kaka."

Gari lilibaki limeinama vile vile, mpaka Sifu alipokohoa na kujigeuza. Hapo likanyanyuka.

Jacinta aliporudi na mifuko ya wali nilimwambia amuulize Sifu, aulize kwa adabu, kamba ile aliielewaje. Mzee aliwasha sigara. Alizungumza kwa muda mrefu, na Jacinta akawa anasikiliza, ameacha kutafuna.

"Anasema mteja wake alikufa. Wewe mwenyewe ulimwambia. Halafu ukampa kipimo cha mtu amelala."

"Alijuaje kuwa amelala?"

"Ati mtu akisimama hawezi kunyooka hivyo. Baba yake alikuwa anatengeneza majeneza, kwa hivyo kipimo kama hicho anakijua tangu utotoni." Alimeza. "Anasema hapa kwao watu huwachomea wafu wao vitu vya karatasi. Nyumba ya karatasi, gari la karatasi. Akaona labda nyinyi huko kwenu mnapeleka la chuma. Alishangaa, akadhani mna pesa sana. Lakini hakuuliza. Mteja haulizwi mambo ya msiba."

Jacinta alitaka kucheka, akaniangalia uso, akaacha.

"Kuna kingine," akasema. "Ndio maana hakuweka vioo vya kutazama nyuma. Na gia ya rivasi ameitoa. Anasema safari hiyo mtu hageuki na harudi. Si mila ya watu wote, ni yake yeye. Hakutaka kumkosea ndugu yako."

Nikamwambia Jacinta amweleze ukweli: gari ni la binti aliye hai, ana miaka kumi na tisa, na mimi nimekosea mfuko.

Mzee Leung aliposikia aliweka sigara chini ikiwa nzima. Alikwenda kwenye nguzo, akaitoa kamba kwa mikono miwili, akanirudishia bila kunitazama. Nimekwisha kuifukia pembeni mwa kaburi, lakini siku ile niliikunja tu nikaitia mfukoni tena, sikujua pengine pa kuiweka.

Alisema kila kitu kinarekebishika. Kiti kitasogezwa, pedeli zitakatwa na kuunganishwa upya, vioo vitawekwa. Gia ya rivasi anayo kwenye boksi.

"Lakini anasema ufikirie hiyo rivasi," Jacinta akaongeza. "Ukiirudisha, chochote kilichokwisha kwenda na gari hili kinaweza kurudi nalo. Ataifunga ukimwambia. Hataki aamue yeye."

Wakala wa mizigo alikuwa anafunga kontena Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatatu. Nilisema nitafikiri.

Ukweli ni kwamba sikuwa nikifikiri. Jumanne nilivuka mto kabla ya saa sita, na Jumatano vilevile. Nilimwambia Jacinta nakwenda kukagua rangi. Nilikuwa nakwenda kukaa na kaka yangu. Vijana wanalala, gari linashuka, usukani unakwenda kushoto na kulia, nami nakaa juu ya ndoo nikimpa habari: nani kaoa, nani kauza nyumba, deni la bati limelipwa. Jumatano nilimwambia kuwa mvua za vuli zimechelewa. Nilianza hata kupanga moyoni kwamba gari libaki lilivyo. Niliona ninavyoweza kuliweka ghalani kwangu, mtaa wa Amani, pasipo mtu wa kuligusa, niwe nakwenda adhuhuri. Kwa Lulu ningetafuta neno la kumwambia. Njia za China ni ndefu, vitu huharibika.

Jumatano hiyo saa kumi nilikwenda kibanda cha simu karibu na hoteli, nikampigia kumwambia neno hilo. Kwao ilikuwa saa tano asubuhi. Nilipiga gereji kwa mazoea, nikakumbuka kuwa imefungwa, na kabla sijakata simu ikapokewa.

"Gereji ya Vuai," sauti ya Lulu ikasema.

Nilibana mkonga wa simu sikioni.

"Ami? Ni wewe? Unahema tu kama mtu anayedaiwa."

"Umefungua?"

"Nimefungua tangu Jumamosi. Nimefagia. Panya walikuwa wameoa humu ndani na kujenga." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejaribu kiatu kipya. "Nimesogeza benchi la baba ili gari lipite. Ami, miguu yangu inafika?"

"Itafika."

"Itafika au inafika?"

"Kuna kazi ndogo imebaki."

"Waambie waiangalie sana rivasi. Kichochoro chetu unakijua, hapa huingii ila kinyumenyume. Rivasi ikiwa mbovu nitalala nalo barabarani." Kisha akasema polepole, "Usiniambie kuna tatizo, ami. Nimekwisha kusogeza benchi."

Nilimwambia hakuna tatizo.

Alhamisi alfajiri nilimkuta Sifu Leung anafagia. Nilimpa kamba ya Lulu, iliyokuwa imebaki kwenye koti tangu Agosti, nikahesabu naye mafundo manne, nikanyoosha kidole kwenye boksi lenye gia. Aliitikia kwa kichwa mara moja. Aliwaondoa vijana wote, akafanya kazi peke yake. Pedeli alizikata kwa moto, kiti akakileta mbele kwa spana namba kumi na tisa, na kila boliti iliyotoka aliiweka juu ya kitambaa, haikugusa sakafu. Sijui kama hiyo nayo ilikuwa mila yake.

Saa sita hakulala. Mimi nilikaa juu ya ndoo. Gari halikushuka. Nilingoja hadi saa nane, na hata inzi alipotua kwenye usukani niligutuka. Halikushuka.

Saa tisa Jacinta alifika, na Sifu akalitoa gari uani kulijaribu. Ua ule ulikuwa mrefu na mwembamba, upande mmoja ukuta, upande wa pili vyungu vya miche ya michungwa midogo ya jirani. Lilikwenda mbele vizuri, injini ikinguruma mpaka majani yakatikisika. Mwisho wa ua akalisimamisha, akatia rivasi ili alirudishe hadi getini. Mimi na Jacinta tulisimama pembeni, usawa wa mlango wake.

Lilirudi hatua tatu. Likasimama.

Sifu alikuwa anatazama kioo kipya cha pembeni. Alisema jambo bila kugeuza shingo.

Jacinta alitazama nyuma ya gari, kisha akanitazama mimi. "Anasema tumwambie huyo jamaa atoke nyuma."

Uani hapakuwa na mtu. Geti lilikuwa limefungwa. Kulikuwa na vyungu, jua la alasiri, na moshi wa gari.

"Mwambie hakuna mtu."

Alimwambia. Mzee hakuondoa macho kwenye kioo, na mguu wake ulikuwa bado umekanyaga breki. Alijibu maneno mawili.

"Ni mrefu, anasema." Jacinta alikuwa ananong'ona sasa. "Wakili, aki mimi siendi huko."

Nilikwenda mimi. Nilizunguka matairi ya nyuma nikasimama mahali ambapo mtu angesimama kama hataki gari lipite. Hapakuwa na baridi pale wala harufu yoyote zaidi ya mbolea ya maua na petroli. Sikuona kitu. Lakini mikono yangu ilijua nimesimama karibu na nani, kama unavyojua gizani kwamba kitanda cha pili kina mtu.

Tangu utoto yeye ndiye aliyekuwa akiniambia nisogee. Mimi sikuwahi kumwambia. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka tisa. Nilipishana naye mlangoni kwa kumngoja, nilikula baada yake, na hata ugonjwani nilimwomba ruhusa kabla ya kumgeuza ubavu.

"Kaka," nilisema, "gari ni la Lulu. Kichochoro cha gereji ni chembamba. Lazima lirudi nyuma."

Sifu hakuachia breki.

"Nipishe, kaka."

Injini ilinguruma pale pale. Nilimwona mzee kwenye kioo, macho yake madogo yakitazama juu kidogo ya bega langu.

Nikasema, "Vuai, pisha."

Sikuwahi kumwita jina lake tupu mbele yake maisha yangu yote. Lilinitoka kinywani zito, na nikainamisha kichwa kama anayengoja kofi. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilichosikia ni breki ikiachia. Gari lilianza kuja polepole, nami nikarudi nyuma mbele yake hatua kwa hatua, viganja nimevinyanyua, mpaka mgongo wangu ukagusa geti, na Sifu akazima injini.

Alishuka akaniletea maji ya moto kwenye kikombe cha bati. Hakuuliza jina nililolitaja. Jacinta alinishika mkono hadi kituo cha basi, na njia nzima hakuniita laoban hata mara moja.

Ijumaa tulilipakia kwenye kontena, limefungwa kati ya marobota ya mashati.

Lilifika Unguja Februari. Lulu alilikalia, miguu ikafika, mikono ikafika. Majirani walijaa barabarani. Alitia rivasi akatazama kioo, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya gari, nikimwangalia uso wake tu, kuona kama utabadilika.

Haukubadilika. Aliliingiza kichochoroni mara moja, bila kugusa ukuta. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, kisha nikaenda kwenye bomba la jirani kunawa uso.